Jivu Chini ya Bluberi

Tata,

Sitakujulia hali, shangazi yangu. Uko chini ya udongo hapo nyuma ya zizi, na mimi niko jikoni kwako, nimekalia kile kigoda chako kinachoyumba, na mkasi wa kupogolea uko mezani mbele yangu. Nimeunoa. Nimeumwagia maji ya moto kama ulivyotaka ufanyiwe. Sasa sijui kama nautumia au naurudisha kwenye msumari wake, na ndiyo maana nakuandikia. Kaka yangu Murithi nikimuuliza najua atakalosema, na watu wengine wote wamechoka na mimi.

Bluberi zako zinakufa. Nalisema moja kwa moja kwa sababu nikizungukazunguka sitafika. Zile za safu ya kuelekea kwa jirani zimekwisha, nimezing'oa mwenyewe. Umebaki ule mti wa kwanza, mama wa zote, hapo kati ya ukuta wa jikoni na tangi la maji, nao una tawi moja tu lenye kijani. Tawi moja, Tata. Kwingine kote ni kuni.

Na mti huu hauna mwenzake. Watu wananiambia si ununue miche mingine, siku hizi hata kwa simu inauzwa. Nanyamaza, maana nikianza kueleza nitalia mbele yao. Wanadhani bluberi ni bluberi. Hawajui ulivyoupata kule upande wa Timau, ulipokuwa ukichuma matunda kwa yule mkulima mkubwa. Mliambiwa mkate miti ya pembeni yote na mchome matawi, kwa sababu ilikuwa aina ambayo hawaitaki tena, matunda yake madogo, hayapendezi kwenye pakiti. Wewe ukaonja moja kabla moto haujawashwa. Ukamwomba msimamizi vijiti, akacheka, akakwambia beba kuni zako mama. Ukavua soksi, ukailowesha maji, ukavitia ndani, ukaja navyo mpaka hapa kwetu juu ya Nkubu, mguu mmoja uchi ndani ya kiatu.

Jina la aina hiyo hukuuliza. Mimi nimeulizia kila mahali, lakini nani atajua jina la kitu kilichochomwa? Wewe ulikuwa ukisema, "Yangu ni ile tamu, basi." Basi nini, Tata? Ungeniachia jina ningeitafuta mpaka nchi za watu. Hukuniachia jina, umeniachia tawi.

Nikueleze ilivyokuwa, maana ulipokwenda hospitali ukilalamika kichwa tu, bluberi zilikuwa nzima. Zilikuwa zimejaa maua, yale meupe kama vikengele, na ulikuwa umeniambia nichunge ndege. Hukurudi. Presha haikutupa hata nafasi ya kukuletea uji.

Siku zile za matanga sikuwa na akili ya kuangalia mti. Nilikuwa mara kufuata kibali cha mazishi, mara kwa fundi wa jeneza, mara kuchukua mwili. Nyumbani waliachiwa akina mama wa kanisa, wakiongozwa na Mama Makena, na Mungu awabariki kwa sababu bila wao waombolezaji wangelala njaa. Walipika hapo nyuma ya jikoni, meko mawili makubwa ya mawe, na moto haukuzimwa tangu habari ilipofika mpaka tulipokuzika. Githeri, mukimo, chai, halafu chai tena. Unajua jivu la moto wa namna hiyo linavyokuwa.

Na unawajua akina mama wetu. Jivu halitupwi. Jivu ni la migomba, ni la sukuma wiki, ni la kufukuza siafu na konokono, na mwanamke anayelimwaga ovyo huonekana mvivu. Tulipokwisha kukuzika nililala ndani kama gunia. Wao wakafagia boma, wakasugua masufuria, wakafunga tenti, kisha wakagawa jivu. Migomba ikapata kidogo, sukuma ikapata kidogo. Bluberi zako zikapewa lote lililobaki. Mama Makena aliniambia mwenyewe baadaye, nikiwa nimeshalifukua, tena kwa fahari: "Tulisema hii ndio Karimi alikuwa anapenda, tuiongezee."

Hawakurusha juu juu, Tata. Walifunua yale majani ya msonobari uliyokuwa ukitandaza, wakalipanga jivu vizuri kuzunguka shina, wakafunika tena, wakamwagilia maji. Kazi safi kabisa. Mtu mwenye chuki na wewe asingeweza kufanya vizuri namna hiyo.

Wewe uliyepigana na jivu miaka yote! Kuku akitoka kujigaragaza mekoni na kuja karibu na ule mti, ulimrushia kandambili. "Hii mti inataka udongo mchachu kama ya majani chai. Jivu kwake ni sumu." Tulisikia hivyo mpaka tukakuigiza, Murithi akijifunga leso yako kichwani. Lakini sisi ndio tuliosikia. Kanisani ungemwambia nani? Nani huanza kuzungumza habari za jivu baada ya misa?

Majani yalipoanza kuwa manjano, mishipa ikibaki kijani, nilimwita Mama Makena aje aone. Akaangalia, akatikisa kichwa pole pole. "Imejua mwenyewe amelala. Hata ng'ombe ya babangu ilikataa nyasi vile alikufa." Nikaamini. Nilipenda kuamini, nakuambia ukweli. Kila asubuhi nilikwenda kusimama pale na kikombe changu cha chai, nikaona tunaomboleza pamoja, mimi na mti wako, tunaelewana. Kumbe mmoja wetu alikuwa analia na mwingine anakufa kwa sumu.

Nililigundua lile jivu mvua ilipokuwa kubwa. Tangi lilifurika nikatoka na jembe kuchimba mfereji, jembe likafunua kitu cha kijivu, kimeshikana kama ugali wa jana. Nilikichukua nikakisugua kwa vidole. Nikakaa chini pale pale kwenye matope, na mvua inaninyeshea, na nikakutukana, Tata. Nisamehe. Nilikuuliza kwa sauti kwa nini ulikufa kabla ya kuwaambia watu.

Nimefanya yote. Nimekwangua lile jivu kwa mikono mpaka kucha zikaanza kuuma. Nimebeba udongo wa msituni kwa ndoo. Nimemwaga maji yenye siki. Mwenye agroveti, lile duka la dawa za mimea pale mjini, alinipa unga wa kiberiti, yaani salfa, wa kurudisha uchachu, akaniambia, "Hii itafanya kazi, lakini utakuwa mpole, madam. Ni mambo ya miezi." Miezi! Mti ulikuwa ukidondosha majani nikigeuka tu kuchukua ndoo.

Na katikati ya hayo, siku moja naona Mama Makena anaingia langoni na gunia kichwani, jasho linamtoka. "Nimekuletea ya kuongeza. Naona ile ya kwanza imeisha nguvu." Jivu. Alikuwa amelikusanya jikoni kwake na kwa majirani zake, akalichekecha, likawa laini kama unga wa uji. Nikalipokea. Nikasema asante sana Mama Makena. Nilimngojea apotelee kwenye kona, nikalimwaga chooni lote.

Ningemwambiaje? Huyu ndiye aliyekuvisha. Ndiye aliyenikataza kukuzika na kile kitambaa cheusi, akasema Karimi hakuwahi kupenda nyeusi, akaenda kwake akaleta chake cha maua. Ulizikwa na kitambaa cha Mama Makena kichwani, hiyo labda hukujua.

Basi nikabaki na vipandikizi. Nilijiambia mti ukifa na ufe, mradi nipate vijiti vyake vishike mizizi, ndio yeye tena, ni damu ile ile. Ulinifundisha mwenyewe. Kukata mapema kabla jua halijapanda, kijiti cha urefu wa kidole, si kile kiteke kinachonyong'onyea wala si kile kilichokomaa kikawa mti. Majani ya chini kuyatoa, ya juu kuyakata nusu ili yasinywe maji mengi. Mchanga wa mtoni na majani ya msonobari yaliyooza, ukikamua mkononi litoke tone, lisitiririke. Karatasi ya nailoni juu. Kivuli. Nikataka kuweka mbolea kidogo, nikiwa msichana, ukanipiga kofi la mkono. "Usikilishe! Kikishiba, kitatafutia nini mizizi? Wacha kiogope kidogo." Na ukanikataza kuvivuta kuangalia kama vimeshika, kwa sababu kimzizi cha bluberi ni kama uzi wa buibui na ukikikata ndio mwisho.

Vya kwanza vilioza. Vilikuwa vyeusi kutoka chini kwenda juu, kama utambi. Nikasema ni maji mengi. Vya pili nikavipa maji kwa kunyunyiza tu, na Tata, vikachipua! Asubuhi moja nainua nailoni naona majani mapya, mekundu kidogo, yamejikunja kama ngumi za mtoto mchanga. Nilipiga kelele mpaka Murithi akatoka na panga akidhani ni nyoka.

Jumapili hiyo nilisimama kanisani. Mimi, ambaye hata kusoma somo huwa nakimbia. Nikasema nina shukrani, Mungu amemrudishia Tata Karimi miti yake, vipandikizi vimechipua. Watu wakapiga makofi. Mama Makena alipiga vigelegele peke yake hadi kasisi akacheka. Nikarudi nyumbani nimevimba kichwa, nikaanza hata kupanga nitampa nani miche na nani nitamnyima.

Halafu kimoja kikalegea. Nikakitazama, nikakataa kukigusa, nikakumbuka kofi lako. Kikaanguka chenyewe ubavuni. Nikakiokota: chini palikuwa patupu. Hata kimzizi kimoja hakikuwapo. Nikafukua kingine, na kingine, nikawa kama mwendawazimu. Vyote vilikuwa vimechipua kwa chakula kilichobaki ndani ya kijiti, vimetumia akiba yao yote kutoa majani, na chini hamna kitu. Nilikuwa nimetoa ushuhuda wa vijiti vilivyokufa.

Tangu siku hiyo sijaenda kanisani. Wanadhani naumwa.

Murithi amekuwa mpole kwangu, na upole wake ndio unaoniumiza zaidi. Juzi alikuja akasimama pale kwa tangi, mikono mfukoni. "Kagendo, hii kitu imekufa. Ni kuni. Si tuweke nyumba ya kuku hapa, hata Tata angesema tusiache mahali bure." Na ni kweli ungesema. Ndiyo maana sikumjibu. Wewe hukuwahi kubembeleza kitu kilichokwisha, hata sisi tulipokuja kwako baada ya baba kufa ulitupa siku ya kulia kisha ukatupa majembe. Mimi sikurithi hilo kwako. Mimi nabembeleza.

Sasa nimefika pale pagumu. Lile tawi moja liko upande wa tangi, pale penye zege, ambapo jivu halikufika sana. Nikilikata leo nitapata vijiti vya mwisho, na mti utakuwa umekwisha, hauna jani hata moja la kuulisha. Nikiliacha, labda kile kiberiti kitafanya kazi chini kwa chini na mti upone wenyewe, na mwakani uchipue kama zamani. Au labda manjano itafika pale pia, na tawi litakuwa kuni kama mengine, na nitakuwa nimesimama na mkasi wangu safi nikitazama. Jana nililiona jani moja la chini limeanza kupauka ukingoni. Nilijiambia ni jua. Si jua, Tata. Najua si jua.

Nimeshindwa. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Kila nikishika mkasi naona ninakuua, na nikiuweka naona ninakuacha ufe. Najua mti si wewe, usinicheke, najua. Lakini udongo wa kaburi umeshaota nyasi. Nguo zako tumegawa. Sauti yako kwenye simu yangu ilipotea simu ilipoingia maji. Kitu kilichobaki ambacho kiliguswa na mikono yako na bado kinakua ni hiki tu, na kinakufa mikononi mwangu, na kinakufa kwa sababu watu walikupenda. Ningepata hata mtu wa kumchukia ningelala.

Kuna hodi nje. Ni sauti ya Mama Makena. Ngoja.

Nimerudi. Ni alasiri sasa, kidole kimefungwa kitambaa, utaona mwandiko umeharibika. Nimekata.

Alikuwa ameniletea uji, amesikia naumwa. Aliingia akaniona na mkasi na uso huu, akaweka kibuyu chini. "Sasa unalia nini tena, mtoto wa Karimi? Si ulituambia imechipua?" Nilikuwa nimejiapiza nitakufa na siri hiyo. Lakini mdomo ukafunguka wenyewe. Nikasema, ni jivu, Mama Makena. Ni lile jivu lenu. Mti huu hautaki jivu, jivu linauua, mmeumaliza na jivu.

Alitoka nje, akapiga magoti pale kwa shina na magoti yake yale mabaya, akachimba kwa mkono, akatoa lile tope la kijivu ambalo bado liko kule chini nisikofika. Akalinusa. Nilidhani ataomba msamaha, na nilikuwa nimeshaandaa jibu zuri la kumpunguzia. Akageuka amekasirika, Tata. Amekasirika kweli kweli.

"Na nikakuletea ingine. Na ukaniambia asante!"

Akapandisha sauti.

"Nilibeba hiyo gunia na mgongo inauma. Ukaniambia asante. Nikaenda huko nje kuambia watu mimi ndio natunza mti ya Karimi. Ulinionaje wewe, mtoto mdogo? Uliona siwezi kuambiwa?"

Hapo ndipo alipolia. Alilia vibaya, kilio ambacho siku ya mazishi hakukilia kwa sababu ya kuhudumia watu, akiwa amepiga magoti na mkono umejaa matope ya jivu. Nami nikakaa kando yake nikalia kwa sauti, na Murithi akatutazama kutoka zizini akarudi ndani haraka. "Karimi ningemwuliza, angeniambia mara moja. Angenitukana hata," alikuwa anasema. "Angenitukana tungecheka." Ni kweli. Ungemtukana mngecheka.

Kilio kikaisha. Kisha akajifuta kwa leso, akauliza hilo tawi linangoja nini. Nikamweleza yote, kukata na kutokukata. Akalitazama lile jani linalopauka. "Hii haingojei mtu," akasema. Akalishika tawi chini kwa mikono miwili lisichanike, kama mtu anayemshika ndama, na mimi nikakata. Nilijikata na kidole, si sana. Sauti ya mkasi ilikuwa ndogo mno. Nilitegemea kitu kikubwa zaidi.

Tulikaa kivulini kugawanya tawi vijiti. Yeye alitoa majani ya chini, mimi nikakata ya juu nusu. Mikono yake ni mizito lakini hachubui kitu, nilishangaa. Nikamwonyesha kukamua ule mchanga kiganjani mpaka litoke tone moja. Akajaribu, likatiririka, akapunguza, akajaribu tena. Kisha akasema: "Nipatie nusu nipeleke kwangu. Kule mtoni kuko baridi, na marehemu mzee aliacha unga wa mbao ya msonobari imeoza, kilima mzima. Ikiharibika hapa, isiharibike yote."

Tata, kila kitu ndani yangu kilikataa. Nilimwona na lile gunia. Nilimwona amekwenda kunywa maji tu, mjukuu wake anapita na beleshi la jivu kutoka jikoni, kwa sababu ndivyo walivyolelewa, jivu halitupwi. Nilitaka kusema hapana, asante. Lakini neno asante halikuweza kutoka tena mbele ya mwanamke yule.

Na kuna kitu nilikuwa nimekiona ambacho sikumwambia. Nilipokata vile vijiti vya upande wa chini, ndani ya kijiti palikuwa na mviringo wa kahawia. Unaujua. Ulinionyesha zamani kwenye mti uliokufa, ukasema ukiona hiyo ndani, nje inakudanganya. Vile vya juu, vya ncha, vilikuwa vyeupe safi, na ute kidogo. Vilikuwa marundo mawili magotini kwangu, na yeye amenyoosha leso akingoja nimwekee.

Nilimpa vyeupe.

Sijui vizuri kwa nini, mkono ulikwenda wenyewe kabla sijaurudisha. Labda kwa sababu mimi huku nina udongo wenye jivu, mikono isiyotulia na macho yanayofunua nailoni kila saa, na yeye ana kivuli na mto na hasira. Ana hasira na nafsi yake sana hivi kwamba atakesha navyo. Alivifunga kwenye leso, akavitia kifuani, akaenda pole pole kwa sababu ya magoti. Hakunywa hata uji aliouleta. Nilimtazama mpaka alipokata kona ya kwa chifu, na nikabaki na vijiti vya kahawia na mti usio na jani.

Nimevipanda. Nimevifunika nailoni, nimeviweka pembeni mwa jikoni penye kivuli, kila kitu kama ulivyosema. Naandika haya nikiwa navitazama, na vinapendeza, Tata, vimesimama wima, mtu asiyejua angesema vinaishi. Naogopa. Naogopa kuliko siku daktari alipotoka nje na kutuita kando. Siku ile nilikuwa na wewe wa kukupoteza, nikakupoteza. Sasa kama kwa Mama Makena vikikataa, sina kingine cha kupoteza, na sijui mtu huamka vipi asubuhi baada ya hapo.

Murithi anaweza kujenga nyumba yake ya kuku. Nimemwambia aanze Jumatatu, aache tu shina lako lisimame mpaka lianguke lenyewe.

Kwaheri, Tata wangu, dada wa baba, mama yetu. Lala na kitambaa chako cha maua. Nitakuahidi kitu kimoja, na ni kigumu, kwa hiyo unisaidie kukishika: vile vyeupe vikishika mizizi kule mtoni, ni vya Mama Makena. Sitavidai. Hata kama ndivyo pekee vilivyobaki duniani, hata nikiyaona matunda yanaiva kwenye boma lake nami sina hata kichipukizi, sitaingia langoni kwake kusema ni vyangu. Akinipa moja la kuonja nitapokea.

Na hivi vya kwangu nitavinyunyizia maji hata hivyo. Najua kilichomo ndani. Nitavinyunyizia.

Mtoto wako,
Kagendo